MAKAO YA MFUMO NA GHALA LA DATA
Historia ya kutenganisha diski, na istilahi zinazotokana nayo

Utangulizi

Mwundaji wa istilahi hana budi kuuliza kitu kimetoka wapi kabla ya kukipa jina. Jina lililotolewa kwa haraka huweza kupendeza kwa mwaka mmoja au miwili, kisha likaanza kumpotosha msomaji, kwa kuwa kitu chenyewe kimebadilika na jina limebaki palepale. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza jambo moja la kompyuta ambalo limeleta mkanganyiko mkubwa katika tafsiri zinazotufikia, nalo ni desturi ya kuweka mfumo endeshi katika diski moja na data katika diski nyingine.

Mfumo endeshi ni ile programu inayoamsha kompyuta, inayogawa kazi, na inayozipokea na kuzitumikia programu nyingine zote. Data ni vile vitu ambavyo kompyuta ilinunuliwa kwa ajili yake: barua, orodha za wanafunzi, hesabu za mishahara, ramani za viwanja. Mtumishi yeyote aliyewahi kufanya kazi katika masjala ataielewa tofauti hii bila taabu. Karani wa masjala akihamishwa au akistaafu, majalada hayahamishwi naye; mwenzake hukabidhiwa funguo, na kazi huendelea. Mfumo endeshi ni karani. Data ni majalada.

Jambo hili si la nadharia tupu. Ofisi nyingi siku hizi zina kumbukumbu ambazo hazipo katika karatasi yoyote. Kompyuta inapogoma, fundi huitwa, naye husema kwamba itambidi "apige Windows", yaani afute mfumo uliopo na kuusakinisha upya. Mwenye kompyuta asipojua data zake zinakaa wapi, hana la kumjibu. Akijibu kwa neno lenye maana mbili, fundi atachagua maana ile inayomrahisishia kazi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Katika hali hii daftari lenyewe ndilo linaloweza kuisha bila habari. Kwa sababu hiyo tumeona ni vema kueleza kwanza historia, kisha tuzipime istilahi kwa kipimo cha historia hiyo.

Diski kabla ya mfumo endeshi

Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mtambo ulioitwa 305 RAMAC. Kifaa chake cha kutunzia kumbukumbu, kilichopewa namba 350, kilikuwa na sahani 50 zilizopakwa madini ya sumaku, kila moja ikiwa na kipenyo cha inchi 24, zote zikizunguka pamoja mara 1200 kwa dakika. Mkono mmoja ulipanda na kushuka kati ya sahani hizo ukitafuta mahali palipotakiwa. Kifaa chote kilichukua herufi milioni 5.

Kabla ya hapo, kumbukumbu nyingi zilikaa katika kadi zilizotobolewa au katika tepu za sumaku. Tepu husomwa kwa mfululizo: anayetaka habari iliyo mwishoni hana budi kuipitisha tepu yote. Diski ndiyo iliyoleta uwezo wa kwenda moja kwa moja mahali panapotakiwa, kama vile msomaji afunguavyo kamusi katika herufi anayoitaka. Hata hivyo mfumo endeshi, kwa maana tunayoijua leo, haukuwamo katika RAMAC. Diski ilikuwa ghala la data tu, na hapakuwa na cha kutenganishwa.

Mwaka 1962 kampuni hiyohiyo ilitoa kifaa cha 1311, ambacho sahani zake ziliweza kutolewa na kubadilishwa. Sahani sita zilifungwa pamoja katika bunda moja lenye mpini, lenye uzito wa kilo nne na nusu hivi, na kila bunda lilichukua herufi milioni 2. Hapo ndipo mbegu ya desturi tunayoizungumzia ilipopandwa. Ofisi iliweza kuwa na bunda la mishahara, bunda la wateja, na bunda la bidhaa, kila moja likiwekwa mashineni wakati wa zamu yake na kurudishwa kabatini baadaye.

Mfumo unapata makao

Tarehe 7 Aprili 1964 IBM ilitangaza jamii ya mitambo iliyoitwa System/360. Mitambo hiyo ilihitaji mfumo endeshi mkubwa kuliko yote iliyotangulia, na uandishi wake ulichelewa sana. Katika kungoja, kampuni ilitoa mifumo midogo zaidi, na majina ya mifumo hiyo yanastahili kuangaliwa na kila mwanaistilahi. Mmoja uliitwa TOS/360, na herufi yake ya kwanza ilisimama badala ya tepu; mwingine uliitwa DOS/360, na herufi yake ya kwanza ilisimama badala ya diski. Yaani mfumo ulipewa jina kwa mahali unapokaa, kama vile mtu aitwavyo Mpemba au Mmakunduchi.

Diski iliyobeba mfumo huo iliitwa, kwa lugha ya wahandisi wa IBM, "makao ya mfumo". Diski hiyo ilipaswa kuwamo mashineni wakati wote, maana mtambo uliirejea kila mara kuchukua sehemu za mfumo zilizohitajika. Diski za data zilikuja na kuondoka. Kila bunda la diski liliitwa kwa neno lililoazimwa kutoka kwenye vitabu, neno ambalo kwa Kiswahili tungelisema "juzuu", nalo lilikuwa na namba yake ili mwendesha mitambo asikosee akaweka la mishahara mahali pa la bidhaa.

Utengano huu ulikuwa na sababu nne, na ni muhimu zikumbukwe kwa sababu kila moja ina historia yake baadaye.

Sababu ya kwanza ni ya nafasi. Bunda la kifaa cha 2311, kilichotumiwa na mitambo ya System/360, lilichukua baiti milioni 7 na robo tu. Mfumo na data za shirika kubwa havikuweza kuenea humo pamoja.

Sababu ya pili ni ya kasi. Vichwa vya kusomea vya diski moja husogea pamoja, juu ya mkono mmoja. Mfumo na data vikikaa katika diski moja, mkono huo hulazimika kukimbia huku na huko, mara kuchukua sehemu ya mfumo, mara kuandika data. Vikitenganishwa, kila mkono hubaki karibu na kazi yake.

Sababu ya tatu ni ya usalama dhidi ya ajali. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo mno. Kikiigusa sahani, hukwangua madini ya sumaku pamoja na kila kilichoandikwa hapo. Ajali ya diski ya mfumo haikugusa diski ya data, na kinyume chake.

Sababu ya nne ni ya umiliki. Mfumo ulitoka kwa mtengenezaji, na mtengenezaji aliweza kuleta mwingine. Data zilikuwa mali ya ofisi, na hapakuwa na duka lolote duniani la kuzinunua zikipotea. Bunda la mishahara liliweza kufungiwa katika sefu. Bunda la mfumo halikuhitaji sefu.

Fundisho la /usr

Wakati IBM ikiuza mitambo mikubwa, watafiti wachache wa Bell Labs, huko New Jersey, walikuwa wakiandika mfumo endeshi mdogo ulioitwa Unix. Wakuu wao walikuwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwaka 1971 walikuwa wakitumia kompyuta ya PDP-11/20 yenye kumbukumbu ya kilobaiti 24 na diski ndogo ya kilobaiti 512. Mfumo ulikaa katika diski ndogo yenye kasi. Mafaili ya watumiaji yaliwekwa katika diski nyingine, na diski hiyo ikapachikwa katika mti wa mafaili kama tawi lenye jina /usr, yaani neno la Kiingereza la "mtumiaji" lililoondolewa herufi moja.

Kufikia hapo jina na kitu vilikubaliana. Lakini mfumo ulikua, diski ya kwanza ikajaa, na programu za mfumo zikaanza kumwagikia katika diski ya watumiaji. Baadaye watumiaji walihamishwa, mafaili yao yakapewa tawi jingine, ambalo katika mifumo mingi huitwa /home. Programu za mfumo zilibaki katika /usr. Hivyo katika mifumo mingi ya jamii ya Unix, hata leo, tawi lililopewa jina la mtumiaji halina faili lolote la mtumiaji. Mwaka 2012 waandalizi wa Fedora, ambao ni mfumo wa jamii ya Linux, walikwenda mbele zaidi: programu za msingi zilizokuwa zimebaki nje ya /usr nazo ziliingizwa humo.

Fundisho tunalolipata hapa ni kwamba jina hufuata mazoea hata baada ya sababu yake kufa. Mfasiri anayekutana na /usr na kuitafsiri kuwa "folda ya mtumiaji" atakuwa amefuata neno na kupotea njia. Anayemshauri mtu kuhamisha data zake kwa kunakili tawi hilo peke yake atakuwa amenakili karani na kuyaacha majalada.

Herufi A, B, C na D

Mwaka 1973 IBM ilitoa diski ya 3340, iliyojulikana kwa jina la utani Winchester. Sahani na vichwa vya kusomea vilifungiwa pamoja ndani ya kasha lisilopenyeza vumbi. Kutokana na mbinu hiyo vilizaliwa vifaa vidogo vilivyofungwa daima, na mwaka 1980 kampuni ya Seagate ilitoa ST-506, diski ya megabaiti 5 iliyotosha katika kompyuta ya mezani.

Hata hivyo kompyuta ndogo ya IBM iliyotoka Agosti 1981 haikuwa na diski ya namna hiyo. Ilitumia diski laini za kilobaiti 160. Mwenye vipachiko viwili aliweka diski ya mfumo katika A na diski ya data katika B. Mwenye kipachiko kimoja alilazimika kuzibadilisha kwa mkono, akitoa moja na kutia nyingine kila mfumo ulipodai. Tunathubutu kusema kwamba hakuna wakati ambapo mtumiaji wa kawaida aliuelewa vizuri zaidi utengano wa mfumo na data kuliko wakati huo: alivishika vyote viwili mkononi, na diski yake ya data aliibandika karatasi yenye jina lake.

Machi 1983 ilikuja IBM PC XT yenye diski iliyofungwa ndani ya megabaiti 10. Kwa kuwa A na B zilikwisha kuchukuliwa, diski hiyo ilipewa herufi C. Mfumo na data vikaingia pamoja katika C. Ilikuwa nafuu kubwa kwa mtumiaji, lakini pia ndipo alipoanza kusahau kwamba vitu hivyo ni viwili.

Utengano ulirudi mwaka 1987 kwa mlango wa nyuma. Mfumo wa MS-DOS wa wakati huo haukuweza kushughulikia eneo la diski lililozidi megabaiti 32. Toleo la 3.3 liliruhusu diski moja igawanywe katika maeneo kadhaa, kila moja na herufi yake. Mwenye diski ya megabaiti 40 akawa na C na D, si kwa hiari yake bali kwa ufupi wa mfumo. Watu wakazoea kuweka programu katika C na kazi zao katika D, na mazoea hayo yakabaki hata baada ya kizuizi kuondolewa.

Hapa ndipo ulipozaliwa mkanganyiko ambao unatusumbua mpaka leo. D yaweza kuwa diski ya pili kabisa, na yaweza kuwa eneo tu la diski ileile moja. Kwa jicho la mtumiaji hakuna tofauti: yote mawili huonekana kama alama mbili zilizopangwa pamoja. Kwa fundi anayesakinisha mfumo upya, yote mawili yanatosha, maana anaweza kuifuta C na kuiacha D. Lakini diski yenyewe ikifa, D iliyo diski ya pili inapona, na D iliyo eneo tu inakufa pamoja na C. Katika zile sababu nne tulizozitaja, mgawanyo wa maeneo hutimiza ile ya umiliki, lakini hautimizi ile ya ajali wala ile ya kasi.

Nchini Tanzania historia hii iliingia katikati. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na marufuku hayo yalilegezwa polepole katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo watu wengi wa kwetu hawakuyaona mabunda ya diski yaliyofungiwa kabatini. Kompyuta waliyoizoea ni ile ya mezani, yenye kasha moja na diski moja ndani yake, na lugha yao ya kompyuta ilijengwa juu ya picha hiyo. Si ajabu kwamba maneno yaliyoenea hayakuacha nafasi ya kueleza diski mbili zenye kazi mbili.

Kasi yarudisha utengano

Katika mitambo mikubwa ya kuhudumia ofisi nzima, utengano haukukoma kamwe. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza namna ya kuunganisha diski nyingi za bei nafuu ili moja ikifa nyingine zisimame badala yake. Kutokana na mbinu hiyo imekuwa kawaida kuweka mfumo katika diski mbili ndogo zinazoigana, na data katika kundi la diski kubwa.

Katika kompyuta za mezani utengano ulirudi kwa nguvu kuanzia mwaka 2008, na safari hii kwa sababu ya kasi na bei. Diski inayozunguka mara 7200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3. Kwa wastani hungoja nusu ya mzunguko, yaani milisekunde 4.2, na mkono wake huchukua milisekunde 8 au 9 kusogea. Kwa hiyo ombi moja lililotawanyika huchukua milisekunde 12 au 13, na kwa sekunde nzima diski hiyo hutimiza maombi 80 hivi. Mfumo endeshi, unapoamka, husoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika. Hiyo ndiyo sababu ya kungojea kwingi.

Kumbukumbu za chipu, ambazo msingi wake ulivumbuliwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba ya Japani katika miaka ya 1980, hazina sahani wala mkono, na hutimiza maombi ya namna hiyo kwa maelfu kwa sekunde. Lakini zilikuwa ghali. Mwaka 2007 kampuni ya Hitachi ilitoa diski ya sahani ya gigabaiti 1000 kwa dola 399. Mwaka 2008 kampuni ya Intel ilitoa X25-M, kifaa cha chipu cha gigabaiti 80, kwa dola 595. Kwa kila gigabaiti moja, mnunuzi wa chipu alilipa zaidi ya mara 18. Jibu lilikuwa dhahiri: mfumo na programu vikae katika kifaa kidogo chenye kasi, na data zikae katika diski kubwa ya bei nafuu. Bila kujua, watu walikuwa wamerudia mpango uleule wa Bell Labs wa mwaka 1971.

Bei za chipu zimeshuka tangu wakati huo, na kompyuta nyingi za mkononi zina kifaa kimoja tu. Lakini utengano haukufa, bali umeingia ndani ya mfumo wenyewe. Simu za Android huweka mfumo katika eneo lake na data za mwenye simu katika eneo jingine, na ndiyo maana simu ikirejeshwa katika hali ya kiwandani hubaki na mfumo na kupoteza data. Kuanzia mwaka 2019 kompyuta za Apple nazo huweka mfumo katika eneo lisiloandikika, mbali na data za mtumiaji.

Istilahi zetu mbele ya historia hii

Baada ya maelezo hayo, tutazame maneno yanayotumika.

La kwanza ni "diski ngumu". Neno hili lilifaa lilipotofautisha sahani ya chuma na diski laini. Diski laini zimetoweka, na vifaa vingi vya leo havina sahani. Hata hivyo hatuoni sababu ya kulitupa neno "diski". Neno "simu" lilitujia kwa maana ya waya, na simu zetu za leo hazina waya, wala hakuna anayelalamika. "Diski" iachwe iwe jina la kifaa chochote kitunzacho kumbukumbu ndani ya kompyuta, na sifa ya "ngumu" itumike pale tu ambapo aina ya kifaa inajadiliwa.

La pili ni "diski kuu". Hili lina dosari kubwa zaidi. Katika kompyuta yenye diski mbili, ipi ni kuu? Fundi atasema ni ile yenye mfumo, kwa kuwa bila hiyo mashine haiamki. Mwenye ofisi atasema ni ile yenye kumbukumbu zake. Wote wawili wana haki, na maagizo yanayosema "futa diski kuu" huweza kuleta msiba. Wenye lugha ya asili ya fani hii nao hawakusalimika na balaa la namna hiyo: katika maandishi ya Microsoft, eneo lenye mafaili ya kuamshia kompyuta huitwa eneo la mfumo, na lile lenye mfumo wenyewe huitwa eneo la kuamshia. Hatulazimiki kuurithi mchanganyiko huo.

La tatu ni "diski ya hifadhi", ambalo hutumiwa na baadhi ya wafasiri kwa diski ya data. Tunaliona hili kuwa la hatari kuliko yote, na hatari yake imo katika uzuri wake. Kuhifadhi, katika Kiswahili, si kuweka tu. Ni kulinda. Hifadhi ya taifa ni mahali ambapo wanyama wamelindwa. Aliyehifadhi Kurani ameilinda moyoni isipotee. Mtumishi anayeambiwa kwamba kumbukumbu zake zimo katika "diski ya hifadhi" ana haki ya kulala usingizi. Kumbe diski hiyo ni diski kama nyingine, na ikiwa ndiyo peke yake yenye kumbukumbu hizo, kufa kwake ni kufa kwa kumbukumbu. Kutenganisha diski si kuweka nakala. Utengano humlinda mwenye data dhidi ya fundi na dhidi ya kuharibika kwa mfumo. Haumlindi dhidi ya kuharibika kwa diski ya data yenyewe, wala dhidi ya mwizi, wala dhidi ya moto.

La nne ni jina la eneo la diski. Neno "kigawe" lingependeza, lakini walimu wa hesabu wamekwisha kulitumia katika kigawe kidogo cha shirika. Neno "fungu" ni la wahasibu wa serikali na bajeti yao. "Sehemu" ni pana mno.

La tano si la kubadilishwa bali la kusifiwa. "Kusakinisha" limetokana na "kusakini", yaani kukaa mahali, na ndugu yake ni "maskani". Linaeleza kwa usahihi jambo ambalo wahandisi wa miaka ya 1960 walilieleza kwa neno la makao. Tulifikiria kupendekeza "diski maskani" kwa diski ya mfumo, lakini kwa watu wengi wa mjini maskani ni kijiwe cha mazungumzo, na istilahi inayochekesha darasani haidumu.

Kwa hiyo mapendekezo yetu ni haya:

Diski ya mfumo: diski ambamo mfumo endeshi umesakinishwa. Hutajwa kwa kazi yake, wala si kwa herufi yake au umbo lake.

Diski ya data: diski iliyotengwa kwa ajili ya kazi za mtumiaji, mbali na mfumo endeshi.

Chumba cha diski: eneo mojawapo la diski moja iliyogawanywa. Tumelichagua neno hili kwa sababu picha yake inaonya yenyewe: nyumba ikiungua, vyumba vyote huungua.

Nakala ya akiba: nakala ya data iliyowekwa katika kifaa kingine, mahali pengine. Neno hili lisitumiwe kwa diski ya data, hata kama diski hiyo ni ya pili au ya tatu.

Kwa kutumia maneno haya, mtumishi anaweza kumwambia fundi: "Diski ya mfumo ifutwe. Diski ya data isiguswe. Nakala ya akiba ninayo." Fundi akiuliza kama D ni diski au ni chumba, swali lake litaeleweka na watu wote wawili. Akikumbushwa pia kwamba mafaili yaliyo katika eneo-kazi na katika folda ya nyaraka, katika mfumo wa Windows, kwa kawaida hukaa katika C pamoja na mfumo hata kama diski ya data ipo, basi kazi ya miaka mingi inaweza kuokolewa kwa mazungumzo ya dakika moja.

Hitimisho

Tumeona kwamba vifaa vimebadilika mara nyingi tangu mwaka 1956, kutoka sahani za inchi 24 hadi chipu isiyozidi ukucha, lakini swali limebaki lilelile: kipi chaweza kuletwa kingine kutoka dukani, na kipi hakiwezi? Istilahi zinazojibu swali hilo zitadumu. Zile zinazoeleza ugumu, ukubwa au herufi ya kifaa zitazeeka pamoja na kifaa.

Tunawaomba walimu wazijaribu istilahi hizi darasani, wafasiri wazitumie katika vitabu vya maelekezo, na watumishi wa serikali wazitumie wanapoandika maagizo kwa mafundi. Yeyote atakayeona kwamba "chumba cha diski" au neno jingine lolote kati ya haya halikai vizuri katika sentensi zake atuletee sentensi hiyo kama alivyoiandika, ili ijadiliwe kabla istilahi hizi hazijapelekwa kusanifishwa.